Mluzi wa Mamba Chongo

Epifanio Obeso alikuwa mtu wa kukunja pua. Aliishi Barranquilla, katika mtaa wa Me Quejo, yaani "Nalalamika", na tangu mtaa huo uitwe hivyo hakuna mkazi aliyelistahili jina lake kama yeye. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara ya pili yalimtia kichefuchefu. Waya zilizosokotwa kwa vidole bila kulehemiwa zilimtia kichefuchefu. Mtu aliyelamba kidole kisha akashika santuri alimfanya ateme mate, na alitema kweli, karibu kabisa na viatu vya mhusika, ili ujumbe ufike. Watu wa mji ule ni wepesi wa kucheka, kwa hiyo walimcheka, wakaendelea kumpelekea redio zao zilizokufa, maana kwa kazi ya mikono hakuwa na mpinzani.

Alizaliwa katika kijiji cha Palenque, kwa mama aliyeuza peremende za nazi akizibeba kichwani, na utotoni alishinda amelaza sikio kwenye redio ya jirani mpaka jirani akamfukuza. Mjini alijifunza kazi kwa fundi mmoja wa redio za valvu aliyenuka ramu kuanzia asubuhi. Fano, kama wote walivyomwita, alimchukia mzee huyo kwa kunuka na kumwabudu kwa masikio yake, kwa sababu aliweza kuisikiliza redio mbovu kidogo tu na kusema ni kipande gani kimeungua. Fano naye akawa hivyo. Masikio yakawa ndiyo riziki yake, na hakumruhusu mtu yeyote asahau jambo hilo.

Kazi ya maisha yake ilikuwa Mamba Chongo. Hilo ni jina la mashine: ukuta wa spika mrefu kuliko kabati la nguo, umechorwa mamba kwa rangi za kuwaka, jicho moja limefumba kwa sababu mchoraji aliishiwa rangi ya manjano akaona haya kusema. Mwenye mali alikuwa Régulo Tejedor, dereva wa lori, mnene, mpole, aliyesimamia ubatizo wa binti yake Fano. Ndiyo maana waliitana compadre. Jumapili mashine ilibebwa mpaka uwanjani ikapiga muziki wa magitaa kutoka ng'ambo ya bahari, kutoka Kongo na Nijeria, ambao watu wa pwani ile waliupenda kuliko nyimbo nyingi za lugha yao wenyewe. Majina ya santuri yalikwanguliwa kwa wembe ili mashine pinzani zisijue wimbo ni upi na kuuagiza. Uliopendwa kuliko zote waliuita Kuku wa Marta, kwa kuwa siku ulipopigwa mara ya kwanza wachezaji walimkanyaga kuku wa Marta akafa.

Walivyofanya kwa santuri, ndivyo Fano alivyofanya kwa chipu zake. Alizisugua mgongoni kwa msasa mpaka namba ikafutika, na alipomaliza kuunganisha bodi nzima aliimwagia lami ya moto. Fundi mwingine akithubutu kufungua sanduku, angeona lami, na chini ya lami angeona vidude vyeusi visivyo na jina. Mafundi wote wa mashine hizo walikuwa na michezo ya namna hiyo, ila wa Fano ulikuwa na chuki ndani yake. Aliona kinyaa kwamba jicho la mtu mwingine lingeweza kutambaa juu ya kazi yake.

Aliyeijua siri hiyo ni mmoja, Delfa, mke wake wa pili, muuza vitafunio vya kukaanga. Alielezwa wakati wa uchumba, mezani kwa mama yake, badala ya kuelezwa jinsi alivyo mzuri. Fano alimwekea mbele kidude chenye vijiguu pande mbili akamwambia kwamba huyu ni mwendawazimu mwenye masikio mawili, sikio la kujumlisha na sikio la kutoa. Kazi yake ni kupima tofauti kati ya masikio hayo na kuikuza mara laki na zaidi. Akiachwa peke yake hafai kitu, kwani tofauti ndogo kuliko pumzi ya mbu inamrusha mpaka kwenye ukomo wa umeme wake, anakwama huko juu akibweka. Basi fundi huchukua sehemu ndogo ya kile kinachotoka na kuirudisha nyuma, kwenye sikio la kutoa. Hapo mwendawazimu anapata akili. Akizidisha, habari za kuzidisha kwake zinarudi na kumpunguza; akipunguza, zinarudi na kumsukuma; hatulii mpaka masikio yote mawili yasikie sawa. Ukirudisha sehemu moja ya kumi, sauti inatoka mara kumi, safi, hata kama chipu yenyewe si ya maana. Unatupa nguvu nyingi, Fano alisema, lakini unachobaki nacho ni cha kweli.

Delfa aliuliza kama habari hizo za kurudi hazichelewi njiani. Fano akamposa siku hiyo hiyo.

Maana zinachelewa kweli. Kwa sauti nene ya besi kuchelewa huko si kitu. Kwa sauti nyembamba kabisa, wimbi limeshageuka juu chini kabla habari hazijafika, na agizo la kupunguza linafika wakati ambapo kazi yake ni kuongeza. Mashine inaanza kujipigia mluzi yenyewe bila kuombwa. Dawa yake ni kapasita ndogo, ukubwa wa punje ya dengu, inayolehemiwa sambamba na rizista ya marejesho, ile inayorudisha habari nyuma, ili sauti nyembamba ipate njia ya mkato. Inakula utamu kidogo wa juu, lakini inatuliza. Fano aliweka dengu hizo kila mahali palipostahili, na kwa miaka mingi Mamba Chongo ilisikika safi kuliko mashine zote za mji.

Kisha ulimwengu ukaanza kuoza. Ndivyo Fano alivyoona. Matoazi yaliyokuwa yakimchoma vizuri masikioni yakawa yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Gitaa la juu, lile la Kuku wa Marta linaloingia likicheka, likawa linanong'ona. Alilaani chipu za siku hizi. Alilaani twita, spika zile ndogo za sauti nyembamba, kwamba zinatengenezwa na watu wasiojua hata kuosha mikono. Alilaani chumvi ya bahari na umeme wa mji. Mwishowe akakwangua lami akaangalia zile kapasita, na kwa kuwa alijua zinakula utamu wa juu, akang'oa moja. Alipata nafuu kidogo, nayo haikudumu. Akang'oa nyingine. Akawa anaamka, anasikiliza, anakunja pua, anang'oa, anamwaga lami upya, na zilizong'olewa anazitupa mtaroni pamoja na maganda ya mihogo.

Twita zikaanza kuungua. Régulo alinunua nyingine, nazo zikaungua. Vijana waliokuwa wakicheza mbele ya spika walihamia mwisho wa uwanja, karibu na bia, na Fano aliwatazama kwa dharau akisema kizazi hiki kina masikio ya bei rahisi. Mpiga santuri alimwambia siku moja kwamba kuna kitu kinalia kama mbu. Fano alimuuliza mbele za watu kama ameshaachishwa ziwa. Karibu na karnivali Delfa naye alisema, na akajibiwa kwamba masikio yake yamejaa mafuta ya kukaangia. Baada ya hapo hakuna aliyefungua kinywa, na Fano akauhesabu ukimya wao kuwa ni makofi.

Hali ikawa hivyo mpaka Alhamisi moja Régulo alipofika kwenye karakana, akakataa kiti, akasimama akizungusha kofia mikononi. Jumapili Mamba Chongo ingepambana na Kimbunga, mashine ya mtaa wa pili.

"Compadre," akasema, "twita zikiungua tena Jumapili, mashine nampa Argemiro Pautt aishughulikie. Nimechoka."

Argemiro alikuwa fundi wa Kimbunga. Sanduku zake aliziacha wazi mchana kutwa, chipu na namba zake mgongoni, mtu yeyote achungulie. Fano aliona jambo hilo ni sawa na kuoga barabarani.

"Utamwacha yule aingize mikono ndani ya Mamba? Analehemu huku anakula."

"Anakula, kweli," Régulo akajibu. "Lakini haunguzi."

Fano hakulala vizuri usiku ule wala uliofuata. Ile bodi yenye lami alianza kuitengeneza akiwa na nywele nyeusi. Kumvua kazi ile ilikuwa kumwacha bila kitu, mzee wa kutengeneza pasi na feni. Jumamosi akang'oa kapasita ya mwisho, ili Jumapili Mamba ing'ae.

Mashine mbili zikipambana, kabla ya dansi yenyewe kuna kiti. Fundi wa upande mmoja huketishwa mbele ya spika za mwenzake, asikilize wimbo mzima bila kubadili uso. Akiubadilisha, watu watamcheka wiki nzima. Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo Fano alijizuia kukunja pua. Jumapili, jua likiwa kali na harufu ya mfereji ikipanda, alikaa mbele ya Kimbunga akasikiliza sauti aliyoiona nzito kama uji uliolala. Hakutikisa hata nyusi. Alipoinuka alikuwa na uhakika wa ushindi, na kinyaa chake kilikuwa karibu kuwa furaha.

Zamu ya Argemiro ikafika. Santuri ya Kuku wa Marta ikawekwa. Gitaa halijaingia bado, Argemiro alisukuma kiti nyuma akasimama, viganja masikioni. Uwanja mzima ulimwona. Fano alingoja kicheko, na kicheko hakikuja.

"Rudi ukae," Fano akamwambia. "Au kwenu hamfunzwi adabu za kiti?"

"Mzee Fano, siwezi. Huo mluzi umeuweka makusudi?"

"Mluzi gani?"

Argemiro alikuwa na kejeli tayari mdomoni, ilionekana. Alimtazama mzee vizuri, akaimeza.

"Huo," akasema polepole, akionyesha twita. "Huo hapo."

Fano akatema mate. Akageuka kuwatazama watu wake wamsaidie kumzomea yule mchafu, akawakuta wote wanatazama chini. Mpiga santuri alikuwa anapangusa meza isiyo na vumbi. Régulo alikuwa anaichunguza kofia yake kama kitu kipya. Fano akaamuru santuri itolewe. Ikatolewa. Alichosikia ni uwanja mtupu, watu wakikohoa kwa mbali. Hata hivyo vidole vya wasichana waliokuwa mbele vilibaki vimeziba masikio yao.

Akazunguka nyuma ya spika akaweka kiganja kwenye mgongo wa twita. Akakiondoa haraka. Twita isiyopigishwa kitu haipati moto, hilo alilijua kuliko jina la baba yake, na hii ilikuwa inaunguza. Kuna kitu kilikuwa kinaimba ndani yake.

Alikwenda kwenye jiko la Delfa, pembeni mwa uwanja, ambako arepa za yai, vile vimkate vyake vya mahindi, zilikuwa zikigeuka kwenye mafuta.

"Kuna sauti?" akamuuliza.

"Ipo."

"Hata sasa? Santuri imetolewa."

"Hata sasa. Inaingia mpaka kwenye meno."

"Tangu lini?"

"Nilikuambia karibu na karnivali, ukasema masikio yangu yamejaa mafuta. Yule kijana wa santuri alikuambia, ukamuuliza mambo ya ziwa. Nani tena angekuambia, Fano?" Akaitoa arepa moja kwa kijiko cha matundu, akaikung'uta. "Sikio la kutoa ulilikata mwenyewe."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Fano alisimama mbele ya lile karai la mafuta, na kinyaa alichokuwa akiwatemea watu miaka yote kilimrudia kwa pamoja kikamjaa kinywani. Alijiona: mzee anayewatukana vijana kwa sababu walikimbia maumivu aliyowatengenezea yeye. Alijiona mtaroni akitupa dengu zake nzuri, moja moja, huku akiwalaani waliotengeneza twita. Hakuna kilichowahi kumchukiza kama mtu huyo. Alitamani kutapika, na hakukuwa na mahali pa kutapika ila mbele ya watu.

Angeweza kusema anaumwa akaenda zake, na Argemiro angefungua sanduku kesho. Badala yake alimwambia Delfa aepue karai na aje.

"Nije kufanya nini?"

"Usikilize. Ukiusikia, inua hicho kijiko. Ukikoma, kishushe."

Akafungua Mamba Chongo mchana kweupe. Alikwangua lami kwa kisu kilichopashwa moto, moshi wake mchungu ukawakohoza waliosogea, nao walisogea wengi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona tumbo la mashine ile. Chipu zikabaki uchi, migongo imesuguliwa, hazina jina. Hapo likatokea la kuchekesha ambalo halikumchekesha mtu: Fano mwenyewe hakukumbuka tena ipi ni ipi. Alikuwa amezificha mpaka kwake. Ikabidi azipitie moja baada ya moja, na kapasita hana hata moja.

Argemiro akaja na kopo la bati. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta ya soseji. Alitoa kapasita kadhaa akaziweka kiganjani mwa Fano, kisha akageuka, akasimama akilipa mgongo lile sanduku lililofunguliwa, akitazama uwanja. Fano alizifuta kapasita kwenye shati lake. Zilikuwa zinanata. Alitaka kusema kitu kuhusu unato huo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikiacha.

Akazima, akalehemu, akawasha. Kijiko cha Delfa kikainuka. Akazima, akalehemu nyingine, akawasha. Kikainuka tena, na Delfa akasema mluzi sasa umekuwa mwembamba zaidi, umepanda. Jasho lilimwingia machoni. Kila alipowasha alimtazama mke wake usoni, yeye ambaye hakuwahi kumtazama mtu kabla ya kusema sauti ni nzuri au mbaya, na kila mara kile kijiko cha matundu kilisimama hewani kikichuruzika. Kisha aliwasha na kijiko kikatetemeka, kikangoja, kikashuka.

Uwanja mzima ulipumua. Wasichana wakatoa vidole masikioni, wakasuguasugua, wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mpiga santuri aliinua macho. Kwa Fano hakukuwa na kilichobadilika. Kabla ya hapo palikuwa kimya, na sasa palikuwa kimya.

Kuku wa Marta ikapigwa. Besi ilimpata kifuani kama zamani, na ngoma aliisikia. Juu yake palikuwa na blanketi. Alingoja gitaa liingie likicheka, akaona miguu ya wachezaji ikibadilika ghafla, akajua limeshaingia. Vijana waliokuwa karibu na bia walikuwa wanarudi mbele, bega kwa bega, mpaka pale ambapo hawakuwahi kusogea tangu karnivali. Kelele walizopiga alizisikia. Walichokuwa wanakipigia kelele hakukisikia, na kile kidogo alichokisikia kilikuwa kichafu, kizito, ule uji uliolala.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti nyembamba. Alikuwa ameshakishika. Upande wa pili wa meza kijiko cha Delfa kikaanza kuinuka, polepole, hakijafika hata kifuani. Fano akakiachia kitufe.

"Ndivyo inavyotakiwa iwe?" akamuuliza.

"Ndivyo."

"Na gitaa lipo?"

"Lipo, Fano. Linacheka."

Alikaa. Akaweka mikono katikati ya magoti ili isiende popote. Akafikiria kwamba kuanzia leo, kila atakachokitengeneza vizuri kitasikika kwake hivi, na kikimpendeza atakuwa amekiharibu. Delfa alivuta kiti chake cha jikoni akakiweka kando yake, karai limeshapoa, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini upande ule wa mashine.

Régulo akaja, kofia kichwani kwa mara ya kwanza mchana ule, akijifuta uso. Aliinama mpaka sikioni kwa mzee.

"Compadre, unaionaje?"

Fano aliisikiliza mashine yake mpaka wimbo ukaisha.

"Inatia kinyaa," akasema. "Mtu asiiguse."